Kutengeneza bunduki: fundi anarekebisha, au anaunda?

#1 Kereza_Kampemba

Yambo wote. Kiswahili chetu kinatuponza. Mtu akileta pampu ambayo shafti yake imekatika, fundi "anatengeneza pampu". Akitaka shafti mpya ikerezwe kutoka chuma kibichi, fundi bado "anatengeneza". Neno moja, kazi mbili. Kwa pampu hakuna anayejali. Kwa bunduki, kurepare ni jambo moja na kufabrike ni jingine, na kati yake ndipo atelie (karakana) inapofungwa.

Swali liko hivi. Bunduki ya kalibri 12 ya zamani, mitutu miwili, kazi ya Liège kule Ubelgiji, mwenyewe ana permi (kibali cha silaha) halali. Pini inayogonga fataki imekatika. Kiwanda kilichoiunda kilishakufa, kipuri cha duka hakipo. Fundi mwenye mashine ya kukerezea akitoa pini mpya, mbele ya sheria yetu ya Congo amerekebisha bunduki au ameunda kipuri cha silaha? Sitaki "inategemea". Nataka hoja.

#2 Fundi_Katuba

Amerepare. Bunduki ilikuwa moja, imebakia moja. Namba ni ile ile, permi ni ile ile. Hakuna silaha mupya iliyoingia mu muji. Njo vile, uzi ufungwe.

#3 Mwana_Likasi

Fundi_Katuba anafunga uzi kwenye posti ya pili. Hata karanga hazijaiva.

#4 Wakili_Ruashi

Usifunge, mukubwa. Ipo Protokali ya Umoja wa Mataifa juu ya silaha za moto: azimio 55/255 la Baraza Kuu, tarehe 31 Mei 2001, ikaanza kufanya kazi 3 Julai 2005. Kipuri, kwa maneno yake, ni kitu chochote, au kitu cha kubadilishia, kilichosanifiwa mahsusi kwa silaha ya moto na ambacho ni cha lazima ili silaha ifanye kazi. Kisha inataja mtutu, kiunzi, slaidi au silinda, komeo la kufungia nyuma ya risasi, na kifaa chochote cha kupunguza mlio.

Shika mambo mawili. "Kitu cha kubadilishia" maana yake kipuri cha ukarabati kimo ndani tangu mwanzo, kwa hiyo hoja ya "bunduki ni moja" inakufa hapo hapo. La pili, orodha ni ya mifano, haijafungwa. Pini haikutajwa, lakini imesanifiwa kwa bunduki, na bila pini hakuna mlio. Kwangu mimi fundi ameunda kipuri.

#5 Dada_Sheria

Wakili, umesoma maana ya kipuri ukaruka maana ya uundaji haramu, na ziko kifungu kimoja, cha 3. Uundaji unakuwa haramu kwa njia tatu: ukitumia vipuri vya magendo, ukiunda bila leseni ya mamlaka, au ukiunda silaha bila kuitia alama. Kisha kuna sentensi ndogo ya mwisho ambayo watu huiacha: leseni ya kuunda vipuri itakwenda kwa sheria ya ndani ya kila nchi. Tena ile njia ya tatu inataja silaha peke yake, haitaji vipuri. Kwa hiyo Protokali yenyewe haimhukumu fundi wa pini. Inamrudisha nyumbani.

#6 Kereza_Kampemba

Na nyumbani ni 1985.

#7 Dada_Sheria

Ndiyo. Amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya utaratibu wa silaha na risasi, pamoja na amri ya utekelezaji namba 85-212 ya siku hiyo hiyo. Zilitoka wakati wa Zaire, miaka 16 kabla ya Protokali ya 2001. Fundi yeyote anayegusa bunduki azisome zote mbili, siyo ile ya kwanza tu, maana mambo ya karatasi na taratibu yanakaa zaidi kwenye amri ya utekelezaji. Wengi wananukuu 85-035 na hawajui kama ina mdogo wake.

Na kabla Wakili hajaleta kifungu cha 215 cha Katiba ya 2006: ndiyo, mkataba uliofungwa kwa utaratibu unakuwa juu ya sheria za kawaida ukishachapishwa kwenye gazeti rasmi. Lakini kifungu cha 17 kinasema mtu hafuatiliwi kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipofanyika. Mkataba unaosema "kila nchi iweke adhabu" hauna adhabu ndani yake. Huwezi kumfunga mtu kwa sentensi inayosubiri sentensi nyingine.

#8 Wakili_Ruashi

Dada, 215 nilikuwa nayo mkononi, umeninyang'anya. Basi nilete nyingine: Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa 30 Aprili 2010, ukaanza kufanya kazi 8 Machi 2017. Hata usifungue ndani, soma kichwa tu: udhibiti wa silaha ndogo na nyepesi, risasi zake, na vipuri vyote vinavyoweza kutumika katika kuziunda, *kuzirekebisha* na kuziunganisha. Waandishi wa Afrika ya Kati waliona tatizo la Kereza kabla ya Kereza. Walikataa kuchagua kati ya kurepare na kufabrike, wakaviweka kwenye mstari mmoja.

#9 Kivu_Ziwani

Niko Bukavu, salamu zenu. Kichwa cha mkataba si kifungu, Wakili. Na kusaini si kuridhia, kuridhia si kuchapisha, kuchapisha si kuweka adhabu. Hizo ni ngazi nne, na fundi anakaa chini ya ngazi ya mwisho.

#10 Fundi_Katuba

Shiye hapa tunaulizia pini, nyiye muko munapanda ngazi.

#11 Njia_ya_Kasumbalesa

Mnaotafuta mstari kati ya kurekebisha na kuunda, kuna nchi moja iliyojaribu kuuchora kazi kwa kazi. Marekani, 22 Julai 2016, ofisi ya wizara ya mambo ya nje inayosimamia biashara ya silaha ilitoa mwongozo wa nani asajiliwe kama muundaji. Ada ilikuwa dola 2250 kwa mwaka, kwa hiyo mafundi wa chumba kimoja walipiga kelele.

Kipimo kilikuwa kukata, kutoboa na kukereza. Kubadilisha kipuri kinachoingia moja kwa moja bila kukatwa: huandikishwi. Kupaka rangi, kurudishia weusi wa chuma, kuchonga nakshi: huandikishwi. Kufunga kifaa cha kulengea shabaha, hata kwa kutoboa tundu jipya, ikiwa haiongezi usahihi: huandikishwi. Kuongeza risasi zinazoingia, kubadilisha chemba (pale risasi inapokaa) kwa mashine, kukata uzi wa skrubu kwenye mdomo wa mtutu ili bunduki ipate uwezo zaidi: unaandikishwa. Kuzalisha vipuri, mtutu, kitako, silinda, komeo, kifyatulio: unaandikishwa.

Pini ya Kereza inaanguka katikati. Ni kipuri kilichozalishwa (andikishwa), lakini ni cha badala na hakiongezi uwezo wowote (usiandikishwe). Hata wao hawakuifunga.

#12 Namba_Chini_ya_Mtutu

Ongezea tarehe, ndugu. Mwongozo ule umepoteza uzito kwa bunduki za kawaida tangu 9 Machi 2020, pale silaha zisizo za kufyatua mfululizo zilipohamishwa kutoka orodha ya wizara ya mambo ya nje kwenda ya wizara ya biashara. Ile ada haiwahusu tena mafundi wengi. Watu bado wanausambaza kama wa leo.

#13 Njia_ya_Kasumbalesa

Kweli, nimesahau kuandika. Aksanti. Mipaka yake bado inafundisha, ndiyo maana nimeileta.

Leseni yao ya ndani ni jambo tofauti, na hapo ndipo kuna kichekesho. Fundi wa kurekebisha anachukua leseni ya aina ya 01, ile ile ya muuzaji, dola 200 kwa miaka 3 ya kwanza. Muundaji anachukua aina ya 07, dola 150 kwa miaka 3. Kuunda ni bei rahisi kuliko kurekebisha! Mpaka ukumbuke ushuru: muundaji analipa asilimia 11 kwa bunduki ndefu na 10 kwa bastola, ila akiunda chini ya 50 kwa mwaka anasamehewa.

#14 Mwana_Likasi

Kuunda dola 150, kurekebisha dola 200. Kumbe Fundi_Katuba anapaswa kulipa zaidi.

#15 Fundi_Katuba

Bongo tupu. Ile ni ya kwao. Huku hata wewe Likasi hauwezi kunionyesha mutu mwenye alilipa dola mia mbili juu ya pini.

#16 Namba_Chini_ya_Mtutu

Mnabishana juu ya pini na kumbe hatari kubwa ya fundi wa kalibri 12 iko kwenye namba. Nieleze.

Bunduki ya Liège ya mitutu miwili ina chuma kilichojaa alama. Ukiifungua utaona chini ya mitutu, juu ya bapa la kiunzi, na kwenye chuma cha mkono wa mbele. Namba ya bunduki inatakiwa ilingane sehemu hizo tatu. Lakini pembeni yake kuna alama za nyumba ya majaribio (bunduki inapojaribiwa kabla ya kupigwa muhuri): yai lenye herufi ELG (lina taji juu yake kama lilipigwa tangu 1893, bila taji ni la kabla), herufi za wakaguzi, na tarakimu za vipimo. Tarakimu kama 18,4 ni kipenyo cha ndani cha mtutu kwa milimita. 65 au 70 ni urefu wa chemba.

Kinachoharibika: karani wa permi anafungua bunduki, anaona tarakimu, anaandika anayoiona kwanza. Permi inatoka na "namba 184". Miaka inapita. Bunduki inakwenda kwa fundi, fundi anasafisha kutu, njiani kwenye kizuizi mtu anasoma namba halisi ya chini ya mtutu, haifanani na karatasi. Sasa nani ataaminiwa kwamba fundi hakubadilisha mtutu?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi, kabla hata ya kushika bisibisi, ni kuhakikisha bunduki ni tupu, kuifungua, kupiga picha sehemu zote tatu, na kulinganisha na permi mbele ya mwenyewe. Ikitofautiana, bunduki inarudi na mwenyewe, karatasi inasahihishwa kwanza. Asiipokee.

#17 Kereza_Kampemba

Hii ya 184 imenifaa kuliko mikataba yote. Je, kwenye kusafisha kutu, kuna kipimo cha kina cha alama kinachosema hapa umeshaiharibu?

#18 Namba_Chini_ya_Mtutu

Kipimo cha kuundia kipo. Marekani inadai namba iingie ndani angalau inchi 0.003, ambayo ni kama milimita 0.076, na herufi ziwe na urefu wa inchi 1/16, milimita 1.6. Ulaya nayo, kwa agizo la 2019/68, inataka herufi za angalau milimita 1.6. Sasa fikiria milimita 0.076. Hiyo ni unene wa karatasi. Msasa wa umeme unaimaliza kwa kupita mara chache, na fundi hakuwa na nia mbaya, alitaka bunduki ing'ae. Kutu ya sehemu yenye namba inaondolewa kwa mafuta na kitambaa, siyo kwa jiwe wala msasa. Bunduki ing'ae kwingine kote, pale ibaki na uzee wake.

Na usithubutu kuipiga upya namba iliyofifia, hata kama unaisoma vizuri. Mkaguzi akiona herufi mbili za mikono tofauti, hatauliza ulikuwa na nia gani.

#19 Dada_Sheria

Nakazia hapo. Protokali ya 2001 inahesabu kufuta au kubadilisha alama kama kosa la kuadhibiwa peke yake, mbali na kuunda na mbali na magendo. Na Protokali ya Nairobi ya 21 Aprili 2004, ambayo Congo ilisaini, inataka alama ikae kwenye mtutu, kwenye kiunzi, na kwenye slaidi kama ipo. Siyo sehemu moja. Kwa hiyo ukibadilisha mtutu umebadilisha theluthi ya utambulisho wa silaha.

#20 Wakili_Ruashi

Na hapo, Dada, umenipa ushindi. Ukikubali kwamba mtutu unabeba utambulisho, basi mtutu si kipuri cha kawaida, ni silaha nusu. Afrika Kusini wamesema wazi kabisa: sheria yao namba 60 ya 2000 inahesabu mtutu, kiunzi au bodi peke yake kuwa silaha ya moto. Na sheria hiyo hiyo inatenga leseni tatu: ya muuzaji, ya muundaji, na ya fundi bunduki. Fundi ana chumba chake, hasukumwi kwa muuzaji wala kwa kiwanda. Hicho ndicho kinachokosekana kwetu: neno la fundi.

#21 Dada_Sheria

Nimesema utambulisho, sikusema pini. Pini haibebi namba. Kwa hiyo mstari wangu ni huu: kinachobeba namba ni kuunda, kisichobeba namba ni kurekebisha.

#22 Kivu_Ziwani

Mstari mzuri lakini unavuja. Ulaya, kwenye agizo la 2021/555, komeo linahesabiwa kipuri cha msingi pamoja na mtutu, kiunzi, slaidi na silinda, na vyote hivyo vinadaiwa alama. Kwa Protokali ya Nairobi komeo halimo kwenye sehemu za kutiwa alama. Komeo lile lile ni kuunda ukiwa Brussels, ni kurekebisha ukiwa Bukavu?

#23 Dada_Sheria

Ndiyo. Sheria haina aibu ya kubadilika mpakani.

#24 Mzee_wa_Bunkeya

Wanangu, nimewasoma wote. Hamjagusa pupu, na vijijini kazi ya fundi bunduki ni pupu, siyo Liège.

Pupu ni bunduki ya kushindilia kwa mdomo, baruti nyeusi, kazi ya wahunzi wetu. Wenzetu wa Tanzania wanaiita gobori. Watu wanafikiri imebaki kwa sababu ya umaskini. Nusu yake ni sheria. Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Lubumbashi iko kwenye 11 na kitu kusini, ndani kabisa ya eneo hilo. Lakini uliacha mlango: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Mfalme M'siri aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, mwaka mmoja na nusu baada ya saini zile. Kwa hiyo tangu siku hizo Mwafrika aliachiwa bunduki ya babu, na mhunzi akajifunza ile iliyoachwa. Leo wanamshangaa kwa nini anaijua.

#25 Mwana_Likasi

Mzee heshima yako. Hapo nimenyamaza.

#26 Njia_ya_Kasumbalesa

Mzee, na hapo kuna ubishi mtamu. Protokali ya 2001 inatoa nje silaha za kale na nakala zake. Pupu ni nakala ya silaha ya kale, kwa muundo. Basi iko nje?

#27 Wakili_Ruashi

Haiko nje. Maandishi yanasema silaha ya kale na nakala vitafafanuliwa na sheria ya ndani, na kwa hali yoyote silaha ya kale haiwezi kuwa iliyoundwa baada ya 1899. Pupu ya juzi ni ya juzi.

#28 Njia_ya_Kasumbalesa

Soma tena. Kikomo cha 1899 kimewekwa kwa silaha ya *kale*. Kwa *nakala* hakikuwekwa. Nakala zote ziliundwa baadaye, ndiyo maana zinaitwa nakala. Zimeachiwa sheria ya ndani peke yake.

#29 Kivu_Ziwani

Mmoja wenu anasoma koma na mwingine anasoma nukta.

#30 Dada_Sheria

Njia yuko sahihi kwenye sarufi. Kwenye mazoea sijui kama itamsaidia mtu aliyekamatwa na pupu karibu na hifadhi za Upemba au Kundelungu, maana pale hatafuatiliwa kwa Protokali ya silaha bali kwa sheria ya uwindaji, 82-002 ya 28 Mei 1982, na sheria ya hifadhi ya 2014. Hilo nalo watu huchanganya: permi ya uwindaji inamruhusu mtu kuwinda, permi ya silaha inamruhusu kuwa na silaha. Moja haizai nyingine. Fundi akionyeshwa permi ya uwindaji peke yake, hajaonyeshwa kitu kuhusu bunduki iliyo mezani.

#31 Namba_Chini_ya_Mtutu

Kwa fundi, pupu ina shida nyingine: haina nyumba ya majaribio. Kwa kanuni za sasa, kalibri 12 ya Liège yenye chemba ya kawaida inakubaliwa kwa shinikizo la bar 740, na kabla ya kupigwa muhuri inajaribiwa kwa risasi za bar 930. Hizo ni kanuni za C.I.P., umoja wa nyumba za majaribio ulioanza 1914. Congo si mwanachama, kwa hiyo hapa hakuna mahali pa kupima upya. Matokeo yake ni ya kisheria na ya kiufundi kwa pamoja: kule Ulaya ukigusa mtutu, chemba au komeo, muhuri wa zamani unakufa na bunduki inarudi kujaribiwa. Hapa ukivigusa, muhuri wa Liège unaendelea kukaa pale ukidanganya.

Mfano wa kila siku ni chemba ya milimita 65. Risasi za sasa ni za 70. Risasi ya 70 inaingia vizuri kwenye chemba ya 65, kwa sababu kabla ya kupigwa mdomo wake umekunjwa. Ikipigwa mdomo unafunguka ndani ya koo la mtutu, njia inabanwa, shinikizo linapanda. Mteja anamwambia fundi "nirefushie chemba". Fundi mwenye akili anakataa, siyo kwa kuogopa polisi. Ukuta wa mtutu hapo unapungua, na hakuna nyumba ya kuthibitisha kwamba kilichobaki kinatosha. Mwambie atafute risasi za 65.

#32 Fundi_Katuba

Hii ninaikubali. Hapa nimevua kofia. Chemba haiguswe.

#33 Mwana_Likasi

Andikeni tarehe. Fundi_Katuba amekubali kitu.

#34 Kereza_Kampemba

Sasa swali gumu zaidi ambalo watu wanalikwepa. Akija mtu na silaha ya vita?

#35 Dada_Sheria

Hakuna swali hapo. Kwa sheria namba 023 ya 18 Novemba 2002, mahakama za kijeshi zinaweza kumhukumu hata raia kwa makosa yanayofanyika kwa silaha za vita, na kanuni ya adhabu za kijeshi, namba 024 ya siku hiyo hiyo, inaadhibu kuwa nayo kinyume cha sheria. Ikiwa juu ya meza yako, uko nayo. Hoja ya "nilikuwa narekebisha springi tu" unaipeleka mbele ya jaji mwenye kofia ya jeshi.

#36 Mtu_wa_Reli

Lakini vikwazo vya silaha kwa Congo vilishaondolewa Desemba 2022, nimesoma.

#37 Kivu_Ziwani

Ulisoma kichwa cha habari. Azimio 1493 la Baraza la Usalama, la Julai 2003, liliweka vikwazo kwa makundi ya Kivu zote mbili na Ituri. 1596 la Aprili 2005 likavipanua nchi nzima. 1807 la 31 Machi 2008 likaiondoa serikali, vikabaki kwa wasio wa serikali. 2667 la 20 Desemba 2022 liliondoa lile sharti la kuarifu kamati ya vikwazo kabla ya kuiuzia serikali. Makundi yenye silaha bado yamo ndani. Na fundi huku kwetu aelewe kwamba msaada unaohusiana na shughuli za kijeshi uko kwenye maandishi ya vikwazo pamoja na silaha zenyewe. Kumrekebishia mtu wa kundi hakuhitaji uuze hata msumari.

#38 Kereza_Kampemba

Nirudi kwenye pini. Nimeona hapa mistari: bunduki ni moja (Katuba), kitu cha lazima (Wakili), kinachobeba namba (Dada), kinachoongeza uwezo (Njia). Hakuna aliyegusa daftari. Kama fundi ana daftari zuri, je, jibu linabadilika?

#39 Njia_ya_Kasumbalesa

Kwa Marekani daftari ndilo kila kitu. Silaha ikiingia inaandikwa, ikitoka inaandikwa. Kuna msamaha mmoja: mwenyewe akisubiri, au bunduki ikirudi kwake siku hiyo hiyo, si lazima kuiandika. Ikilala usiku mmoja kwenye atelie, inaandikwa.

#40 Namba_Chini_ya_Mtutu

Kwetu nisingefuata ule msamaha. Andika hata ya dakika kumi. Tarehe na saa ya kuingia, aina, kalibri, namba ilivyosomwa sehemu zote tatu (siyo kama ilivyo kwenye permi), namba ya permi na tarehe yake ya mwisho, kazi iliyoombwa kwa maneno ya kawaida, kipuri kilichotoka na kilichoingia, saini. Na kile kipuri kibovu, pini ile iliyokatika, weka kwenye bahasha na kibaki na bunduki. Mwenyewe aondoke nacho. Hapo ndipo "ya badala" inapata ushahidi: moja imetoka, moja imeingia. Fundi anayekereza pini tatu ili mbili zikae akiba, kwangu huyo ameshaanza kuunda.

#41 Wakili_Ruashi

Hii ya pini tatu ni nzuri, na hakuna mkataba ulioisema. Daftari likae muda gani? Protokali ya 2001 inasema kumbukumbu zitunzwe si chini ya miaka 10. Chombo (hati) cha kimataifa cha ufuatiliaji wa silaha cha 8 Desemba 2005 kinataka 30 kwa kumbukumbu za uundaji na 20 kwa nyingine. Kwa hiyo hata urefu wa kutunza daftari unategemea jibu la Kereza: ukirekebisha 20, ukiunda 30.

#42 Fundi_Katuba

Miaka makumi tatu! Panya wa Katuba watakula daftari mu mwaka wa pili.

#43 Dada_Sheria

Chombo cha 2005, Wakili, ni cha kisiasa. Hakifungi kisheria. Na kinazungumza na serikali, siyo na Katuba.

#44 Mtu_wa_Reli

Na chuma kibichi je? Bomba la chuma kwenye atelie si mtutu. Linakuwa mtutu saa ngapi?

#45 Njia_ya_Kasumbalesa

Wamarekani wamepigana juu ya hilo hilo, kwa kiunzi. Watu waliuza viunzi vilivyobakiza kazi kidogo, bila namba, wakisema "hiki ni chuma tu". Kanuni ya 2022, iliyoanza 24 Agosti mwaka huo, ikasema kitu kinachoweza kugeuzwa kwa urahisi kuwa kiunzi kinahesabiwa kiunzi. Ikaenda hadi Mahakama Kuu, na tarehe 26 Machi 2025 majaji 7 dhidi ya 2 wakaikubali kanuni. Kwa hiyo kule jibu linaangalia muda, vifaa na ujuzi unaobaki kuhitajika. Bomba tupu bado ni bomba.

#46 Kivu_Ziwani

Bomba kwenye atelie ya baiskeli ni bomba. Bomba hilo hilo kwenye atelie yenye vitako vitatu ukutani, polisi hatauliza Mahakama Kuu ya Marekani.

#47 Mzee_wa_Bunkeya

Huyo wa Bukavu amesema.

#48 Kereza_Kampemba

Aksanti wote. Moja la mwisho kabla sijalala. Bunduki imeandikwa kwenye daftari, pini imeingia, kazi imekwisha. Mwenyewe anafariki kabla ya kuja kuichukua. Permi ilikuwa ya jina lake. Watoto wanakuja wanne, kila mmoja anadai ni yake. Bunduki iko kwenye kabati la fundi, na sasa nani ana karatasi?

#49 Wakili_Ruashi

Usimpe yeyote kati ya wanne. Kesho asubuhi peleka taarifa kwa maandishi kwa mamlaka, na nakala ya daftari.

#50 Fundi_Katuba

Na pesa ya pini nani atalipa?